Majibu ya Mgonjwa Yakitumwa Pasipostahili, Barua Pepe Yaweza Kurudishwa?

Eneo la katikati ya jiji la Dar es Salaam liitwalo Posta limepewa jina na shughuli ambayo vijana wengi wanaoshuka daladala hapo kila asubuhi hawajapata kuihitaji: kutuma barua ya karatasi. Kituo kimoja ni Posta Mpya, kingine Posta ya Zamani, lakini barua zenyewe sasa hupita kwenye kompyuta na simu. Hata hivyo, utaratibu wa barua ya karatasi ulikuwa na busara moja ambayo mrithi wake wa kielektroniki hakuirithi. Chini ya mikataba ya Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa mwaka 1874 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, barua huhesabiwa kuwa mali ya mtumaji mpaka imfikie mlengwa. Mtumaji aliyebaini kosa anaweza kuomba irudishwe, au anwani isahihishwe, maadamu haijakabidhiwa na sheria za nchi zinaruhusu.

Barua pepe haina nafasi hiyo. Kanuni inayoongoza usafirishaji wake, iliyochapishwa mwaka 1982 na kuboreshwa mara kadhaa baadaye, ina amri za kumtaja mtumaji, kumtaja mpokeaji na kukabidhi ujumbe. Haina amri ya kuudai tena. Seva ya upande wa pili ikishakiri kuupokea, nakala ile iko mikononi mwake. Daktari aliyeko ofisini Mtaa wa Samora anaweza kumwandikia mgonjwa aliyeko Kariakoo, mwendo wa miguu tu kutoka hapo, na ujumbe ukapita kwenye seva zilizo nje ya nchi kabla ya kumfikia. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko wa kunyanyuka kitini.

Kwa nini basi programu nyingi zina kitufe kinachoahidi kurudisha ujumbe? Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. La kwanza ni ucheleweshaji. Gmail, kwa mfano, humpa mtumaji nafasi ya kutendua ndani ya sekunde 5 hadi 30, kadiri alivyochagua mwenyewe. Katika sekunde hizo ujumbe haujaondoka, umezuiwa mlangoni. La pili ni urudishaji wa ndani ya taasisi, kama ule wa Outlook, unaowezekana kwa sababu mtumaji na mpokeaji wanatumia mfumo mmoja wa barua. Kwa miaka mingi ulihitaji pia ujumbe uwe haujasomwa. Matoleo mapya yamelegeza sharti hilo, lakini mpaka wa taasisi umebaki palepale. Ujumbe uliokwenda kwenye anwani ya binafsi ya mtu wa nje haufikiwi.

Kuna hata nyakati ambapo jaribio la kurudisha huongeza madhara. Mpokeaji wa nje huweza kupata taarifa kwamba fulani anataka kuurudisha ujumbe wake, ilhali ujumbe wenyewe ungali kwenye kikasha. Aliyekuwa hajaufungua sasa anaufungua. Binadamu ndivyo alivyo.

Tukio la London linaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kuwa zito katika tiba. Tarehe 1 Septemba 2015, kliniki ya 56 Dean Street, inayohudumia magonjwa ya ngono na VVU, ilituma jarida lake kwa watu 781. Anwani zote ziliwekwa kwenye sehemu inayoonekana badala ya sehemu ya nakala fiche, hivyo kila mpokeaji akaona anwani za wenzake. 730 kati ya hizo zilikuwa na majina kamili. Wengi wa waliokuwa kwenye orodha walikuwa wakiishi na VVU, ingawa si wote. Kliniki ilijaribu kuurudisha ujumbe, ikaomba radhi, ikawasihi waliokwisha kuupata waufute. Majina yalikuwa yamekwisha kusomwa. Mwaka 2016 mamlaka ya Uingereza inayosimamia taarifa binafsi iliitoza taasisi inayoendesha kliniki hiyo faini ya pauni 180,000. La kusikitisha zaidi ni kwamba taasisi hiyohiyo ilikwisha kufanya kosa la aina hiyo mwaka 2010, kwa wagonjwa 17.

Dar es Salaam ina njia zake za kupotelea. Mgonjwa asiye na printa hutoa anwani ya steshenari ya Kariakoo ili majibu yachapwe huko, kisha karatasi anaichukua na nakala inabaki kwenye kikasha cha duka, ambamo kila mfanyakazi huingia. Wengine hutumia anwani moja ya familia nzima. Kwenye WhatsApp kitufe cha kufuta kwa wote kina nguvu kidogo, kwani tangu 2022 hufanya kazi kwa takribani siku mbili, lakini hakigusi picha ya skrini wala kumbukumbu ya aliyekwisha kusoma. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya majibu ya vipimo humwagika juu ya mtu mwingine, si juu ya aliyeyamwaga. Mke hujua kabla ya kuambiwa; mwajiri hujua asichopaswa kujua kamwe.

Sheria imeliona hilo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya kipimo cha VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inamtaka mkusanyaji kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale usalama wake unapovunjwa. Kosa la anwani, hata likifanywa kwa nia njema, si siri ya ofisi.

Ndiyo maana saa ya kwanza baada ya kosa haifai kupotezwa kwa kubonyeza vitufe. Simu ndiyo chombo bora: kumpigia aliyepokea, kumwomba asifungue, afute, afute tena kwenye pipa la taka, na athibitishe. Barua pepe ya pili isirudie jina la mgonjwa wala majibu yake. Kisha mgonjwa mwenyewe aambiwe, siku hiyohiyo, na mtu anayeweza kujibu maswali yake. Watoa huduma wengi husita hapa, wakitumaini hatajua. Lakini ndiye pekee anayejua nani akiziona taarifa zile atamdhuru, na anahitaji muda wa kujiandaa.

Kinga ni rahisi kuliko tiba, kama kawaida. Anwani iandikwe mwisho, baada ya ujumbe kukamilika. Kipengele cha kumalizia majina chenyewe kizimwe kwenye kompyuta za maabara, maana herufi tatu za mwanzo zimewaponza wengi. Kiambatisho kifungwe kwa nenosiri litakalotumwa kwa njia nyingine. Na mgonjwa aulizwe, wakati wa kujaza fomu, angependa kupokea majibu wapi na nani mwingine hutumia anwani hiyo. Wapo watakaosema watakuja wenyewe dirishani kuchukua bahasha.