Namna fosfeti inavyousaidia mchai kustahimili kiangazi

Mashamba ya chai ya Kericho na Bomet hutegemea mvua, na inapokosekana mavuno hushuka kote nchini. Mwaka 2016 Kenya ilizalisha takriban kilo milioni 473 za chai. Mwaka 2017, baada ya kiangazi kikali, kiasi hicho kilipungua hadi takriban milioni 440.

Mchai hauwezi kulikimbia jua. Kinga yake ni kuitambua hatari mapema na kubadili mwenendo wake, kazi inayofanyika ndani ya seli.

Kila seli imezungukwa na utando. Upande wa ndani wa utando huo zimo protini G, ambazo kazi yake ni kama ya tarishi: hupokea habari kutoka nje na kuzifikisha ndani. Protini G hulala inaposhika molekuli ya GDP na huamka inapoiacha na kushika GTP. Kwa kuzigundua, Wamarekani Alfred Gilman na Martin Rodbell walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1994.

Katika mwili wa binadamu, tarishi huyo hulala hadi aamshwe na protini nyingine, iitwayo kipokezi. Hata kafeini iliyomo katika chai hufukuza usingizi kwa kuziba vipokezi vya aina hiyo ubongoni.

Katika mimea mingi mambo ni kinyume. Uchunguzi wa kina umefanyiwa mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao ni wa jamii moja na sukuma wiki. Humo, protini G hujiamsha yenyewe, na kinachohitajika ni breki ya kuituliza. Breki hiyo ni protini iitwayo RGS1.

Hapo ndipo fosfeti inapoingia. Mwaka 2012, kundi la watafiti akiwemo Alan Jones wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, lilieleza kwamba glukosi inapoongezeka, kimeng'enya kiitwacho WNK8 hubandika fosfeti kwenye mkia wa RGS1. Breki iliyotiwa alama hiyo huondolewa utandoni na kuvutwa ndani ya seli, na protini G hubaki huru kufanya kazi. Kwa jumla, alama za fosfeti katika seli zaweza kubandikwa na kubanduliwa, hivyo amri hutolewa na kufutwa upesi.

Wakati wa ukame, mimea hutoa homoni iitwayo asidi ya absisiki. Homoni hiyo huamsha vimeng'enya ambavyo hutia fosfeti kwenye milango ya chumvi katika seli zinazolinda vitundu vya majani. Chumvi hutoka, maji huifuata, seli hulegea na kitundu hufunga. Protini G nazo zina sehemu yao: mwaka 2001, ilibainika kwamba mimea ya Arabidopsis iliyokosa sehemu kuu ya protini hiyo ilipoteza maji mengi kuliko mingine.

Hata hivyo, kufunga vitundu kuna gharama. Jani huhifadhi maji, lakini haliingizi hewa ya kaboni ya kutosha kutengeneza chakula. Chipukizi hudumaa na kikapu cha mchumaji hubaki chepesi. Mmea wa kumfaa mkulima, basi, ni ule unaofunga kwa wakati na kufungua mara hatari inapopita.

Michai haifanani katika jambo hili. Katika aina zilizotolewa na watafiti wa Kericho, TRFK 303/577 husifiwa kwa kustahimili ukame, ilhali TRFK 6/8, yenye chai ya ubora wa juu, huathirika haraka. Kuzitenganisha aina kama hizo huhitaji miaka mingi ya majaribio shambani.

Mwaka 2017 wanasayansi wa China walichapisha ramani ya jeni za mchai, na hivyo kurahisisha utafutaji wa jeni za breki na vimeng'enya hivi katika mche ukiwa bado kitaluni. Kwa kuwa mchai hudumu shambani zaidi ya miaka 50, anayepanda mche usiofaa huwarithisha wanawe hasara.