Birger jarl, mtawala asiyevaa taji

Mwaka 1250 mfalme Erik Eriksson wa Sweden alifariki bila kuacha mtoto. Mwenye nguvu kuliko wote nchini alikuwa shemeji yake, Birger, ambaye cheo chake cha jarl kilikuwa cha pili baada ya mfalme. Taji halikumwendea yeye. Alipewa mwanawe Valdemar, kijana mdogo, kwa kuwa kwa upande wa mama alikuwa mpwa wa marehemu. Baba mtu ndiye aliyeshika hatamu mpaka alipofariki mwaka 1266.

Na majirani alipatana kwa ndoa: binti yake Rikissa aliolewa mwaka 1251 na Håkon, mwana wa mfalme wa Norway, naye Valdemar akaja kumwoa Sofia, binti wa mfalme wa Denmark. Lakini kwangu mimi, hati aliyowapa wafanyabiashara wa Lübeck inazishinda harusi zote hizo. Aliwasamehe ushuru, ila kwa sharti: atakayetaka kuhamia Sweden afuate sheria za Sweden na aitwe Mswidi. Alihitaji mitaji na ujuzi wa Wajerumani. Hakutaka wajitawale ndani ya nchi yake.

Ndani ya nchi tatizo lilikuwa kisasi kati ya koo. Sheria za amani zinazohusishwa na jina lake zililinda mambo manne: nyumba ya mtu, mwanamke, kanisa na baraza la sheria. Aliyemvamia mwenzake nyumbani kwake hakuwa tena na deni kwa ukoo mmoja tu. Alikuwa amevunja kiapo cha mfalme na wakuu wa nchi, na adhabu yake ilikuwa kupoteza mali na kutengwa na ulinzi wa sheria katika ufalme mzima. Sheria ya Östergötland inamtaja pia kuwa ndiye aliyefuta desturi ya kumpima mtuhumiwa kwa chuma cha moto.

Tusimfanye mtakatifu, hata hivyo. Mwaka 1251, huko Herrevadsbro, viongozi wa waasi walikatwa vichwa, na utenzi wa kihistoria uitwao Erikskrönikan unasimulia kwamba walikuwa wameahidiwa usalama.

Sheria hiyohiyo ya Östergötland inamtaja tena kwenye mirathi. Zamani binti mwenye kaka hakurithi. Birger akaagiza apate nusu ya fungu la kaka yake. Vijijini, kanuni hiyo ya nusu ilidumu hadi 1845.