Papa Yule Ukutani ni Nani Hasa?

Wadau, kuna swali ambalo huwa linazuka kila watu wanapotumiana picha za kale za Kanisa: hivi huyu papa ndivyo alivyokuwa kweli? Unaona mzee kapiga magoti, au kakaa juu ya farasi, chini yake imeandikwa Papa fulani wa karne ya tano. Basi watu wanaichukua kama picha ya pasipoti, na wengine wanaitumia kabisa kuthibitisha hoja zao za dini na historia. Jibu fupi ni kwamba hapana, hakuwa hivyo. Ila jibu refu ndilo lenye utamu, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Cha kwanza tuelewane. Mchoro wa papa kwenye ukuta wa kanisa au wa makazi yake haukuchorwa kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kuna mtu aliagiza, kuna mtu alilipa, na mara nyingi mlipaji alikuwa papa mwenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuuliza "nani huyu amechorwa?" ni vizuri kuuliza "nani alilipa, na ilikuwa mwaka gani?"

Wasanii wa zamani sana walikuwa na utaratibu mzuri tu katika jambo hili. Pale Roma kuna kanisa linaitwa Santa Prassede, lililojengwa upya na Papa Paskali I, aliyekuwa papa kuanzia 817 hadi 824. Juu ya altare kuna picha kubwa ya mozaiki, yaani iliyopangwa kwa vipande vidogo vidogo vya vioo na mawe. Kristo yuko katikati, watakatifu wako pembeni, kila mmoja ana duara la mwanga nyuma ya kichwa. Mwisho kabisa upande wa kushoto amesimama Paskali mwenyewe, kashika mikononi mfano mdogo wa kanisa kama mtu anayekabidhi zawadi. Lakini angalia kichwani kwake: mwanga wake siyo duara, ni mraba! Mraba ule ulikuwa alama ya kusema huyu bhana bado yu hai. Yupo pamoja na watakatifu, lakini mtazamaji hadanganywi kwamba naye ni mtakatifu tayari. Paskali alifanya hivyo hivyo katika makanisa mengine mawili ya Roma, Santa Cecilia na Santa Maria in Domnica.

Sasa twende mbele miaka mia nne hivi. Kwenye jengo la Santi Quattro Coronati, siyo mbali na Colosseum, kuna kanisa dogo la Mtakatifu Silvesta lililochorwa mwaka 1246. Silvesta alikuwa papa kuanzia 314 hadi 335, wakati wa Kaisari Konstantino. Picha zinasimulia kwamba Konstantino aliugua ukoma, Silvesta akambatiza, akapona. Kisha Kaisari anapiga magoti mbele ya Papa na kumpa kofia ya enzi. Halafu picha nyingine, Papa yuko juu ya farasi mweupe na Kaisari anatembea kwa miguu, kashika hatamu kama mtumishi!

Kwa nini ichorwe 1246? Kwa sababu mwaka mmoja kabla, 1245, Papa Inosenti IV alikuwa ametangaza kumvua madaraka Kaisari Frederick II. Ugomvi ulikuwa wa moto. Picha inasema Silvesta na Konstantino, lakini ujumbe ulikuwa wa Inosenti kwenda kwa Frederick: mwenzako wa zamani alishika hatamu, wewe ni nani?

Ukifika kwa Raphael mambo yanazidi kunoga. Mwaka 1507 Papa Julius II aliamua kuhama vyumba alivyokuwa akiishi mtangulizi wake, Aleksanda VI wa ukoo wa Borgia, kwa kuwa alimchukia na kuta zilikuwa zimejaa kumbukumbu zake. Akahamia ghorofa ya juu, na muda mfupi baadaye Raphael akapewa kazi ya kuchora kuta hizo, rangi inapakwa lipu ikiwa bado mbichi.

Moja ya picha hizo, ya mwaka 1512, inaonyesha muujiza wa Bolsena. Inasimuliwa kwamba mwaka 1263 padri mmoja mwenye mashaka alikuwa akiadhimisha misa, na hostia ikatoa damu. Papa wa wakati huo alikuwa Urbano IV. Lakini anayepiga magoti mbele ya altare kwenye picha ni Julius II, na ndevu zake! Chini kulia wamepiga magoti askari wa Uswisi, kikosi ambacho Julius mwenyewe alikileta Roma mwaka 1506. Yaani askari wa 1506 wako kwenye tukio la 1263.

Hizo ndevu nazo zina hadithi yake. Sheria za Kanisa wakati huo hazikupenda mapadri wafuge ndevu. Julius aliziacha kuanzia 1510 akiwa vitani na Wafaransa, akisema hatanyoa mpaka watoke Italia, na akazinyoa 1512. Kwa hiyo ukiona picha yake iliyochorwa akiwa hai na ana ndevu, kama ile maarufu ya Raphael iliyoko National Gallery, London, unajua mara moja ni ya kipindi hicho kifupi.

Julius akafariki 1513, akaja Leo X. Huyu ndo kabisa! Alitumia mapapa waliomtangulia wenye jina kama lake. Leo I alimzuia Attila asiiteketeze Roma mwaka 452. Ukutani sura ni ya Leo X. Na kwa kuwa alishachorwa humo kama kadinali kabla hajachaguliwa, anatokea mara mbili kwenye picha moja. Leo IV alizima moto Roma mwaka 847 kwa ishara ya msalaba. Sura ya Leo X tena. Leo III alimvika taji Charlemagne mwaka 800. Sura ya Leo X, na Charlemagne kapewa sura ya Francis I wa Ufaransa, mfalme ambaye Leo alikuwa ndiyo kwanza amepatana naye.

Sasa hapa ndipo penye uzito. Kulikuwa na hati iliyodaiwa kuwa ya Konstantino, ikisema alimkabidhi Silvesta mamlaka juu ya Roma na nchi za Magharibi. Mwaka 1440 msomi Lorenzo Valla alionyesha kuwa hati hiyo ni ya kughushi, kwa sababu Kilatini chake siyo cha karne ya nne. Kufikia 1520 Martin Luther alikuwa ameshakisoma kitabu cha Valla. Lakini kati ya 1520 na 1524 wanafunzi wa Raphael, aliyekuwa amefariki, walichora hati hiyo ikitolewa kama tukio la kweli, tena ndani ya Vatikani kwenyewe! Pembeni yake Silvesta anambatiza Konstantino mjini Roma, na sura ya Silvesta ni ya Klementi VII, papa aliyekuwepo. Ukweli ni kwamba Konstantino alibatizwa mwaka 337, mbali na Roma, karibu na Nikomedia, akiwa anakaribia kufa, na aliyembatiza ni askofu Eusebio.

Haikupita miaka mingi. Mei 1527 majeshi ya Kaisari Charles V, yule ambaye kwa mujibu wa ukuta alipaswa kushika hatamu, yaliivamia na kuipora Roma. Klementi akakimbilia ngome ya Castel Sant'Angelo. Askari wakaingia vyumba vya Raphael na kukwaruza maandishi kwenye picha, jina la Luther likiwemo. Klementi akaacha ndevu kwa maombolezo, na picha zake za baadaye zinamwonyesha nazo. Mapapa waliomfuata wakaendelea na ndevu hadi mwaka 1700.

Sisemi picha hizi zidharauliwe. Ni kazi za ajabu na imani iliyomo ni ya kweli kwa wengi. Ninachosema ni kwamba picha ya 1514 si shahidi wa mwaka 452. Ni shahidi mzuri wa 1514: inakuambia papa wa siku hiyo alitaka aonekane nani, na alikuwa anamwogopa nani. Kwa hiyo mdau, ukitumiwa picha ya papa wa kale, usimalizie kwenye jina lililoandikwa chini. Tazama kichwani kama ni duara au mraba. Tazama kidevu. Halafu tafuta mwaka.

Haya, uwanja ni wenu. Karibuni tujadili.