SEVA YA DUKA HAIFIKIKI KUTOKA NJE: PIMA KABLA YA KUTOA FEDHA

Wapo wafanyabiashara wa Darajani na Mji Mkongwe wanaotaka kuona hesabu za duka wakiwa safarini Dubai. Fundi huweka seva. Dukani inafanya kazi, nje haifikiki. Mwenye duka huuziwa ruta mpya, na tatizo hubaki pale pale.

Chanzo ni kwamba duka zima hutumia anwani moja ya intaneti, kama kampuni yenye Sanduku la Posta moja. Ruta ni tarishi. Jibu la barua iliyotoka dukani humfikishia aliyeandika, lakini barua ngeni huiacha. Lazima aagizwe kuwa kila kinachokuja kwa poti fulani kipelekwe kwenye seva. Agizo likishindwa, fuata hatua hizi.

Kwanza, jaribu kwa kompyuta nyingine ya dukani. Ikiwa nayo haiifikii seva, ruta haina kosa. Kagua programu ya seva na ulinzi wake.

Pili, tazama anwani ya ndani. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kubadilisha anwani ya seva: jana 192.168.1.10, leo 192.168.1.14, na agizo bado linaelekeza kwa ile ya jana. Ipangie seva anwani ya kudumu.

Tatu, kama duka lina laini mbili za intaneti, seva ijibu kupitia ruta ile ile iliyoleta ombi. Jibu likipitia njia nyingine hupotea.

Nne, jaribu kutoka nje kwa simu iliyozimwa wai-fai. Ruta nyingi hukataa jaribio linalofanywa kutoka ndani.

Tano, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea, linganisha anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti za kupima anwani. Ikiwa ya ruta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, mara nyingi sanduku si lako. Ni la kampuni ya intaneti, nawe unalitumia pamoja na wateja wengine. Tarishi wa kampuni hapokei maagizo yako, na ruta mpya haitasaidia.

Kampuni hufanya hivyo kwa sababu anwani za aina ya zamani ni takriban bilioni 4.3 tu duniani. AFRINIC, shirika la Mauritius linalozigawa Afrika, lilianza kuzitoa kwa mgao mwaka 2017.

Dawa ni mbili. Omba kampuni yako anwani ya umma ya kudumu, ukiulizia kwanza ada ya kila mwezi. Au tumia VPN inayoanzia kwenye seva yenyewe kwenda nje, kwani kinachotoka hakizuiliwi.

Hata ukipata anwani ya umma, usiiache wazi poti 3389 ya Windows. Wezi wa mtandao huitafuta usiku na mchana, na daftari la wadeni wako limo humo.