Bunduki ya Shamba na Daftari la Serikali: Yaliyowapata Wakulima wa Kanada

Leo tuiweke kando mbolea, tuzungumze bunduki. Usishtuke. Nyani wakiingia kwenye mahindi au nguruwe mwitu kwenye mihogo, kupiga debe hakutoshi kila mara, na ndiyo maana katika baadhi ya vijiji utakuta mzee mwenye gobori na kibali chake. Huyo anazijua safari za polisi na makaratasi. Basi asikilize habari za wenzake wa Kanada, ambako serikali ilijaribu kuandika kila bunduki ya nchi nzima, na wakulima wakawa miongoni mwa waliolalamika sana.

Kwanza ujue bunduki inafanya kazi gani kule. Majimbo ya Alberta, Saskatchewan na Manitoba yana mbuga kubwa tambarare za ngano na ng'ombe. Kuna mnyama mdogo wa jamii ya kindi anayeishi ardhini. Anakula mimea michanga, tena anachimba mashimo ambayo farasi au ng'ombe akikanyaga anaweza kuvunjika mguu. Kuna na koyote, jamaa yake mbweha, anayewinda wana-kondoo. Kwa hiyo bunduki inakaa shambani kama panga linavyokaa kwako, na mara nyingi imerithiwa kwa baba au kwa babu.

Sasa daftari lilitoka wapi? Tarehe 6 Desemba 1989 mtu mmoja aliingia katika chuo cha uhandisi cha École Polytechnique, mjini Montreal, akaua wanawake 14 kwa bunduki aliyoinunua kihalali. Manusura na jamaa za marehemu wakadai sheria kali, na nani angewalaumu? Mwaka 1995 Bunge likapitisha Sheria ya Silaha. Bastola zilikuwa zikiandikishwa tangu 1934. Safari hii ikawa zamu ya bunduki ndefu, za risasi na za marisau, zile zile za wakulima na wawindaji.

Hapo shika mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Leseni ni ya mtu: umefunzwa, umechunguzwa, unaruhusiwa kuwa na silaha. Usajili ni wa bunduki yenyewe: aina yake, namba yake, mwenyewe nani. Ni kama leseni ya udereva na kadi ya gari. Mwisho wa kupata leseni uliwekwa tarehe 1 Januari 2001, na wa kusajili bunduki ndefu tarehe 1 Januari 2003. Malalamiko makali zaidi yalikuwa juu ya huo usajili.

Hebu jiweke mahali pa mkulima huyo. Fomu inadai jina la kiwanda, kipimo cha mtutu na namba. Bunduki ya babu haina namba. Basi unaletewa kibandiko chenye namba ukibandike. Ndugu yangu, kibandiko juu ya chuma kinachopakwa mafuta kila mara ili kisiote kutu! Foleni ya mwisho ikawa kubwa hata serikali ikaongeza muda hadi katikati ya mwaka 2003. Tena kutosajili halikuwa kosa dogo la kulipa faini ukaenda zako, lilikuwa kosa la jinai. Mtu aliyelima miaka yote bila kufika mahakamani aliona anawekwa kapu moja na majambazi, kisa karatasi. Alberta ilipeleka shauri hadi Mahakama Kuu Kabisa, na mwaka 2000 ikashindwa.

Halafu likaja suala la fedha. Wananchi walikuwa wameambiwa kwamba mpango mzima utatumia dola milioni 119, na ada zirudishe milioni 117, yaani mzigo wa serikali ni milioni 2 tu. Mwaka 2002 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bibi Sheila Fraser, akaeleza kwamba kufikia mwaka wa fedha wa 2004/2005 gharama zingepita dola bilioni 1, na kwamba Bunge halikuelezwa sawasawa. Fedha hizo zilikuwa za leseni na usajili pamoja, lakini nani kijijini angetenganisha? Mwaka 2006 ofisi hiyo hiyo ya ukaguzi ikakuta kwamba waliotunza daftari hawakujua kumbukumbu ngapi zina makosa. Kwangu mimi hapo ndipo imani ilipokwisha. Unamtaka mkulima asikosee namba hata moja, wewe mwenyewe hujui vitabu vyako vikoje.

Lakini tusiwe watu wa upande mmoja. Chama cha wakuu wa polisi kilitetea daftari. Askari anayeitwa usiku kwenye ugomvi wa mke na mume anataka kujua kama ndani mna bunduki, na ngapi. Bunduki ikiokotwa, namba yake inaweza kuonyesha ilitoka kwa nani. Wakulima nao walijibu kwamba askari mwenye busara hawezi kuamini nyumba haina silaha eti kwa sababu daftari halikuonyesha. Wote wawili wana haki yao. Mwaka 2010 bungeni kura zilikuwa 153 kwa 151, daftari likanusurika.

Halikunusurika tena. Tarehe 5 Aprili 2012 sheria ya kulifuta ikaanza, na kumbukumbu zikateketezwa, isipokuwa za jimbo la Quebec, lililokimbilia mahakamani kuzidai. Machi 2015 likashindwa kwa majaji 5 dhidi ya 4. Quebec ikaanzisha daftari lake upya, likafunguliwa tarehe 29 Januari 2018, safari hii bila ada.

Usidhani basi kwamba Kanada bunduki ni holela. Kilichofutwa ni kuandika bunduki ndefu za kawaida. Leseni ya mtu ilibaki, kuandikisha bastola kulibaki, na sharti la kuweka silaha bila risasi tena chini ya kufuli lilibaki. Mkulima wa Saskatchewan anayetaka kumfukuza koyote kwa bunduki bado lazima awe na kile kikaratasi chenye picha yake.