Mama akiugua, ni nani humpa ruhusa ya kulala?

Je, msomaji, mara ya mwisho ulipougua, ni nani aliyekubali kwamba u mgonjwa? Huenda ukaliona swali hili kuwa la mzaha. Lakini kuugua ni jambo moja, na kuhesabiwa na wenzako kuwa mgonjwa ni jambo jingine.

Wataalamu wa elimu-jamii husema kila mtu hubeba wajibu kulingana na makundi aliyomo. Mwanamke mmoja wa Kayole aweza kuwa mama nyumbani, karani afisini, mweka hazina wa chama na mwimbaji wa kwaya, na kila kundi lamdai lake. Mwaka wa 1951 msomi Mwamerika, Talcott Parsons, aliandika katika kitabu chake The Social System kwamba ugonjwa nao ni wajibu. Mgonjwa husamehewa kazi zake za kawaida, tena halaumiwi kwa hali yake. Naye hutakiwa atamani kupona na atafute msaada wa wanaojua matibabu.

Kazini mapatano haya yameandikwa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari.

Nyumbani je? Huko hakuna cheti. Baba akishikwa na mafua hulala siku mbili na kuletewa uji kitandani. Mama akijilaza saa moja, watoto waja kuuliza chakula ki wapi. Naye muuza mitumba wa Gikomba, ambaye hana mwajiri, akifunga kibanda hapati hata senti.

Tabu huzidi ugonjwa unapochukua muda mrefu, kama vile kifua kikuu. Matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne kwa pamoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Hata hivyo, baada ya wiki chache tu kikohozi hupungua na hamu ya chakula hurudi. Hapo nyumba nzima husema amepona. Hurudishiwa kazi zote kwa siku moja, na anapoaga kwenda kliniki huulizwa bado anatafuta nini huko. Wengine huacha dawa wakati huo, ilhali vijidudu vingali mwilini, na vinaweza kurudi vikiwa sugu.

Tena kuna lawama. Parsons alisema mgonjwa halaumiwi, lakini nani asiyejua jinsi majirani wa ploti wanavyomnong'ona mtu anayekohoa? Mgonjwa akihofia maneno hayo huficha dawa, na anayeficha dawa ni rahisi kuzisahau.

Basi ikiwa kuna mgonjwa wa namna hii kwako, keteni pamoja jioni moja na mgawane kazi zake kwa majina: atakayepika, atakayefua, atakayewapeleka watoto shuleni. Mchagueni mmoja wa kumwona akimeza vidonge kila siku. Dawa zenyewe hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali, lakini nauli ya matatu si bure, na hapo chama chaweza kusaidia kuliko kumtoza faini kwa kukosa mikutano.

Simaanishi akae kitandani miezi yote 6. Nguvu zikirudi, arudi kazini kwa kadiri daktari atakavyomshauri. Wengi hufurahi kuonekana tena kuwa watu wa maana. Ila kurudi kazini kusichukuliwe kuwa mwisho wa matibabu. Andikeni siku za kliniki kwenye kalenda ya ukutani, pale kila mtu anapoziona, na siku hizo asitumwe sokoni.