Chama Kikichafuliwa Jina, Kijibu Silanga Kwanza

Agosti 2007, Raila Odinga, wakati huo mbunge wa Lang'ata na mgombea urais wa chama cha ODM nchini Kenya, alitia saini mkataba wa maelewano na viongozi wa Kiislamu wa jukwaa la NAMLEF. Mkataba haukutangazwa. Baadaye zikazuka karatasi zilizodaiwa kuwa nakala yake, zikisema kwamba Raila akishinda ataleta sharia. ODM ilikanusha, lakini nakala halisi ilitolewa mwishoni mwa Novemba, yapata mwezi mmoja kabla ya kura. Kufikia hapo karatasi bandia ilikuwa imewatia hofu waumini wengi wa makanisa.

Mtaa wa Kibera, Nairobi, ulikuwa ndani ya eneobunge hilo la Lang'ata. Katika kijiji chake cha Makina wanaishi Wanubi, Waislamu ambao mababu zao walipewa ardhi hiyo kwa kutumikia jeshi la King's African Rifles. Ukiteremka hadi kijiji cha Silanga, kuelekea Bwawa la Nairobi, unapita makanisa ya mabati yaliyobanana na nyumba za kupanga. Uvumi wa dini ukifika hapa unawakuta majirani wanaochota maji kwenye kioski kimoja.

ODM haikukosa ukweli wa kujibu. Ukweli ulikuwepo, umefungiwa kabatini. Chama kinachopakwa matope kinapaswa kwanza kujiuliza iwapo kuna waraka unaoweza kumaliza ubishi, na kama upo, uwe mikononi mwa wapiga kura siku hiyo hiyo. Ukimya wa aina hii umeponza wagombea hata katika nchi tajiri. Mwaka 2004 nchini Marekani, mgombea urais John Kerry alikaa wiki mbili hivi kabla ya kujibu kwa ukali matangazo yaliyotilia shaka utumishi wake katika vita vya Vietnam.

Si kila shambulio linastahili nguvu sawa, hata hivyo. Mwaka 2007 watafiti Richard Lau, Lee Sigelman na Ivy Brown Rovner walichambua tafiti 111 kuhusu kampeni za kuponda wapinzani. Walikuta kwamba watu huyakumbuka mashambulizi kuliko sifa, lakini hakukuwa na ushahidi thabiti kwamba yanamletea kura mshambuliaji. Chama kinachokurupuka kujibu kila kejeli kinamsaidia mpinzani kueneza maneno ambayo huenda yangezimika yenyewe.

Mwaka 2017 ilitokea aina nyingine ya shambulio. Video moja iliyosambaa mitandaoni ilionyesha Kenya ya mwaka 2020 chini ya Raila ikiwa imezama katika njaa, maradhi na ugaidi. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International lilieleza kwamba kampeni ya mtandaoni iliyoitwa The Real Raila ilitengenezwa na Harris Media, kampuni ya Texas, iliyotengeneza pia kampeni ya kumpigia debe mpinzani wake, Uhuru Kenyatta. Dhidi ya hofu ya namna hii waraka pekee hautoshi, maana hakuna karatasi inayothibitisha jambo ambalo halijatokea. Kinachofaa ni kumfichua aliyelipia. Mkazi akijua kwamba picha za kutisha anazotumiwa zimepikwa ng'ambo kwa pesa za upande mmoja, atazitazama kwa jicho jingine. Tatizo ni kwamba maelezo hayo yalitoka Desemba, wakati kura za Agosti na za marudio za Oktoba zilikuwa zimekwisha. Kazi hiyo ingepaswa kufanywa na mawakili na wataalamu wa mitandao wa NASA, muungano wa Raila, wakati kampeni bado moto.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi uko Kibra kwenyewe, eneobunge lenye Kibera. Mbunge Ken Okoth alifariki Julai 2019, na uchaguzi mdogo ukapangwa Novemba 7. Jubilee, chama cha Uhuru, ilimsimamisha McDonald Mariga, mchezaji soka aliyewahi kuwa Inter Milan. Septemba afisa wa tume ya uchaguzi, IEBC, alimkataa kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye daftari la wapiga kura. Wapinzani walipata cha kusema: huyu ni mgeni, anataka kura za watu asiowajua. Mariga alikata rufaa kwa kamati ya IEBC na kuidhinishwa. Kisheria alikuwa ameshinda. Lakini uamuzi wa kamati haumwelezi mama mboga wa Silanga ni lini mgombea huyu alionekana mtaani kabla ya kampeni. Swali hilo lilihitaji kujibiwa kwa miguu, na watu wanaofahamika mtaani. Imran Okoth wa ODM, ndugu ya marehemu, alipata kura 24,636, Mariga 11,230. Ngome ya Raila ilikuwa ngumu kubomoa kwa vyovyote, ila chama kilichojibu tume peke yake kiliacha nusu ya shambulio bila jibu.

Hata hivyo, jambo la kuheshimiwa ni jinsi Mariga alivyompigia Okoth simu usiku huo na kumpongeza, video yake ikaonekana kote nchini. Mtaa huu unajua gharama ya kinyume chake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na Kibera reli iling'olewa. Siku moja baada ya kura za marudio za Oktoba 2017, vibanda viliteketea Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi. Kwa hiyo shambulio likigusa kabila au dini, chama kisijibu kwa kabila wala dini. Kipeleke ushahidi kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo sheria yake ya 2008 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3 kwa matamshi ya chuki. Kisha kiwaambie wafuasi wake hatua hiyo imechukuliwa, ili asiwepo anayehisi ni lazima alipize mwenyewe.

Nani awaambie? Msemaji aliye katika mtaa wa kifahari wa Kilimani hafiki mbali. Pamoja FM, redio ya mtaa wa Kibera, iliwasihi wakazi watulie wakati wa ghasia za 2008, na ilisikizwa kwa kuwa sauti zake zilikuwa za majirani. Vyama vingepaswa kuwa na watu wa aina hiyo katika kila wadi: kijana wa baze, mwalimu, mzee wa kijiji, kila mmoja akiwa na nyaraka za mgombea kwenye simu na ruhusa ya kujibu bila kusubiri makao makuu. Jibu lao lianze na ukweli, litaje uongo mara moja tu, lirudi kwenye ukweli. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na sauti na sura za watu sasa zinaigizwa kwa kompyuta kwa muda mfupi sana. Watu hao wanahitaji kuteuliwa na kufunzwa kabla kampeni hazijaanza.